Je, mfanyabiashara akishukuru kila siku anapoteza njaa?

Wacha niseme ukweli, hili swali mimi nililijibu vibaya kwa miaka. Hapa Kibuye, Kisumu, jirani yangu wa kibanda ni mama anauza mitumba ya watoto, na kila akiuza kitu, hata kaptula ya shilingi 50, utasikia "erokamano Nyasaye", yaani asante Mungu kwa Kijaluo, kabla pesa haijaingia kwa aproni. Mimi kimoyomoyo nasema, ndio maana huyu hakui. Kwangu kushukuru na kuridhika vilikuwa kitu kimoja, na mtu wa biashara akishiba si amekwisha? Hata vijana wa kubeba belo, yale marobota ya mitumba, nilikuwa nawafundisha hivyo, kwamba mhasla lazima alale na hasira kidogo.

Kumbe nilichanganya vitu viwili. Kuridhika ni kusema imetosha. Kushukuru ni kukubali kuna kitu umepata na hakikutoka kwa mikono yako pekee, kuna mtu alikushika mkono, au Mungu, au bahati tu. Kuridhika kunaweza kukukalisha chini, hilo sikatai, lakini kushukuru hakusemi chochote kuhusu kama kesho utaamka saa kumi ya usiku kuwahi belo. Mtu anashukuru ugali wa jana na bado leo anatafuta unga, ni kawaida, na sijui kwa nini nilichukua muda wote huo kuliona.

Sasa sehemu ya ajabu. 2014 David DeSteno, mwanasaikolojia wa Northeastern University kule Boston, na wenzake walichukua watu 75, wengine wakaandika kuhusu jambo walilolishukuru, wengine jambo lililowafurahisha, wengine mambo ya kawaida. Halafu wakapewa uchaguzi: pesa kidogo sasa ama nyingi baadaye. Wale wa kawaida, kwa wastani, dola 55 mkononi zilitosha waachilie dola 85 za miezi 3 ijayo. Wa shukrani walitaka kama 63 ndio wakubali. Na wale wa furaha? Haraka yao ilikuwa karibu sawa na ya wale wa kawaida! Yaani si kuchangamka kunakoleta subira, ni shukrani yenyewe.

Kwa nini? Pesa ya kesho ni kama mtumbwi ziwani, ukiwa mbali unauona mdogo kama kiberiti na ni ule ule utakaoegesha hapa Dunga ukiwa mkubwa. Ndio maana Alhamisi mtu anauza kamera, ile nguo safi kabisa ya belo, kwa bei ya kutupa, na Jumapili soko likifurika ingeleta mara mbili. Shukrani inausogeza ule mtumbwi karibu kidogo, na maelezo yanayotolewa nayaelewa kupitia chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Ukipokea mzunguko wako wa kwanza, haraka inakunong'oneza uhepe na pesa ya watu. Kinachokufanya uendelee kuchanga wiki baada ya wiki, na hupokei kitu tena, ni kukumbuka walikubeba. Basi shukrani inafikiriwa ni hisia ya kulipa leo ili uhusiano uwepo kesho, na huo mkono wa kulipa leo unashika hata mambo ya pesa ambayo hayana mtu mwingine ndani.

Lakini polepole. Watu 75 ni matatu tano hivi za abiria, wa Marekani, na waliandika mara moja tu. 2016 kukatoka utafiti mwingine kwamba wenye shukrani zaidi siku kwa siku ndio wenye subira zaidi, ila hapo huwezi kujua nini kilileta kingine. Na hiyo "kila siku" yenyewe ina maneno: Sonja Lyubomirsky na wenzake, 2005, waliwapa wanafunzi wiki 6 za kuhesabu mema, waliofanya mara moja kwa wiki wakapanda furaha, wa mara tatu hawakupanda. Pengine inageuka kazi ya shule.

Mimi naandika Jumapili jioni, nikishafunga. Ya juzi ilikuwa moja tu: mvua ilinikuta nimeenda kula, na yule mama akafunika nguo zangu na nailoni yake kabla ya zake. Nikamwambia nimemwandika kwa daftari. Akacheka, akaniuliza nailoni nitarudisha lini.