Mwandishi wa Programu Ndiye Anayepanga Umri wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya maboresho ya usalama kwa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya TPM 2.0, hivyo kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima, kuanzia kioo hadi diski, zilistaafishwa kwa masharti ya programu wala si kwa kuharibika. Nadhani wauzaji wa kompyuta za mtumba wanalielewa jambo hili kuliko wengi wetu tunaofundisha kompyuta.

Vyuoni, suala la uendelevu likifundishwa, mara nyingi hupewa mhadhara mmoja mwishoni mwa muhula. Takwimu za Umoja wa Mataifa hutajwa: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa kwa utaratibu rasmi. Mwanafunzi husikitika, hufaulu mtihani, kisha huajiriwa na kuandika programu isiyofunguka kwenye simu ya miaka minne iliyopita.

Kasoro iko hapo. Kwa simu na kompyuta mpakato, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutolewa kiwandani, kabla mnunuzi hajawasha kifaa chake, na betri nyingi zina kobalti ambayo kwa kiasi kikubwa huchimbwa Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mitaani. Kila mwaka kifaa kinaoongezewa ni mwaka ambao mzigo huo haurudiwi, na anayeamua kama mwaka huo utapatikana ni, mara nyingi, mwandishi wa programu.

Kwa hiyo mahali pa somo hili ni ndani ya masomo yaliyopo. Katika somo la algorithimu, mwanafunzi anayepima muda apime pia kumbukumbu na umeme. Katika hifadhidata, aeleze kwa nini data fulani ihifadhiwe milele. Na mradi wa mwaka wa mwisho ujaribiwe kwenye simu yenye RAM ya gigabaiti 2 na mtandao hafifu, alama zikatwe ukikwama. Ukurasa mwepesi, tena, humwokolea mtumiaji bando lake, faida ambayo haihitaji kuhubiriwa kwa mtu yeyote.

Msingi wa kitaaluma upo tayari. Kanuni za maadili za ACM, chama cha kimataifa cha wanataaluma wa kompyuta, za mwaka 2018 zinamtaka mwanataaluma wa kompyuta akuze uendelevu wa mazingira, karibu na mbali, na mwongozo wa kimataifa wa mitaala ya sayansi ya kompyuta, CS2023, umeutengea uendelevu nafasi yake ndani ya eneo la jamii, maadili na taaluma. Bado mhitimu huweza kuzijua kanuni hizo kwa moyo asijue zinamgusa wapi kazini.

Zinamgusa kwenye manunuzi. Tangu 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka simu zinazouzwa huko zipatiwe maboresho ya mfumo endeshi kwa angalau miaka 5 baada ya modeli husika kuacha kuingizwa sokoni. Taasisi ya kwetu haihitaji kungoja sheria ya namna hiyo ili kuuliza swali lilelile kwa mzabuni, pamoja na kama betri inabadilishika na kama vipuri vinapatikana nchini. Maswali hayo hayazidi mistari mitatu katika hati ya zabuni, na vigezo vya kiufundi vya hati hiyo huandikwa na afisa TEHAMA.