Muunganisho wa kutiliwa shaka kwenye seva ni upi?

Seva ya tovuti, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzitoa kwa wasomaji, ni mwenyeji. Inakaa nyumbani ikisubiri hodi: simu ya msomaji inagonga poti (mlango wenye namba) 80 au 443, seva inaitika, inatoa ukurasa, mgeni anaaga. Hata hodi ziwe elfu kwa mpigo, hiyo ndiyo kazi yake. Muunganisho wa kutiliwa shaka ni ule usiofanana na kazi hiyo, na ninaoutafuta kwanza ni ule ambao mwenyeji mwenyewe katoka kwenda kugonga kwa watu.

Kwenye Linux, ingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) uandike `ss -tnp`, amri inayoorodhesha miunganisho na programu zinazoishika. Tuseme katikati ya mistari mingi unakuta huu:

`ESTAB 0 0 10.0.0.5:48212 203.0.113.7:4444 users:(("kworker",pid=2291,fd=3))`

Anwani ya kwanza ni ya seva yako, ya pili ni ya upande wa pili. Mgeni wa kawaida angeonekana ameshika 443 upande wako. Hapa upande wako una 48212, na Linux ikianzisha muunganisho yenyewe kwa kawaida huchukua namba kati ya 32768 na 60999. Maana yake seva ndiyo iliyopiga hodi. Halafu tazama jina: kworker ni wa kiini cha mfumo, naye hafungui miunganisho ya namna hii. Kuna mtu kavaa jina lake.

Mfuate hadi chumbani kwa namba yake ya pid, 2291: `ls -l /proc/2291/exe`. Jibu likionyesha faili lililokuwa /tmp au /dev/shm (folda za muda), na mbele yake neno `(deleted)`, basi programu inaendelea kukimbia huku faili lake limeshafutwa. Angalia pia inaendeshwa na nani. Ikiwa ni www-data, akaunti inayotumiwa na tovuti kwenye Debian na Ubuntu (aina za Linux), huenda mdukuzi amepitia tundu la tovuti yenyewe, kwa mfano fomu ya kupakia picha isiyokagua inachopokea.

Si kila kinachotoka ni kibaya. Seva hufuata masasisho, huuliza anwani za majina ya tovuti kwa poti 53, huwasiliana na huduma ya malipo. Ndiyo maana inafaa kuorodhesha safari zake za halali siku ambayo hakuna tatizo. Lakini www-data ikipiga poti 25, ya barua pepe, kwenye anwani nyingi tofauti, shuku kwamba seva yako inatumika kusambaza barua taka.

Kwa wanaoingia, usikurupuke kufungia anwani moja yenye miunganisho mingi. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na utakuwa umewafungia wasomaji wako mwenyewe. Mistari mingi ya SYN-RECV, yaani miunganisho iliyoanzwa bila kukamilika (itazame kwa `ss -tna`, maana `ss -tnp` haiionyeshi), ndiyo ya kuhofia: hodi zinapigwa, wanaobisha hawaingii.

Tena, `ss` huonyesha ya sasa hivi tu. Programu inayochungulia nje sekunde mbili kila saa utaikosa, kwa hiyo acha faiwoli (kichujio cha miunganisho) iandike kila muunganisho unaotoka. Na ukimkuta mhusika, usimuue papo hapo. Nakili kwanza: `cp /proc/2291/exe /root/ushahidi`. Programu ikishakufa, lile faili lililofutwa hulipati tena.