Kujitwika si kunenepa

Kuna mfano mmoja ambao sasa umechosha masikio. Mkufunzi wa mazoezi akitaka kumshtua mtu aliyeongezeka mwili humwambia: "Hizo kilo 20 ulizoongeza ni sawasawa na kujitwika ndoo ya maji tangu asubuhi mpaka unalala." Mfano unaingia haraka, maana nani asiyeijua ndoo ya lita 20? Lakini umekosea mara mbili, kwanza katika neno, pili katika miguu.

Maana yenyewe ni fupi. Kujitwika ni kujiwekea mzigo juu ya mwili, hasa kichwani, ili uende nao mahali ukautue. Neno la kushika hapo ni *ukautue*.

Kiswahili kina vitenzi vinavyotembea viwili viwili, kimoja kikifanya na mwenzake akitengua: funika na funua, anika na anua, bandika na bandua, angika na angua. Twika na tua ni wa ukoo huo huo. Aliyetwikwa ni mtu anayesubiri kutuliwa, na neno halikamiliki bila mwenzake. Ndiyo maana watu wa maji walipotafuta usemi wa kampeni hapa Tanzania hawakusema kumpunguzia mama ndoo wala kumpokea mama ndoo. Walisema kumtua mama ndoo kichwani, na kila mtu akaelewa pale pale. Kutokana na tua tumepata kituo, yaani pale mzigo unaposhuka, hata kama leo anayeshuka ni abiria wa daladala. Jua nalo hutua, na ndege hutua.

Halafu kutwika kwa kawaida ni kazi ya watu wawili. Ndoo iliyojaa ni kilo 20 za maji na kama kilo moja ya plastiki, na si wengi wawezao kuitoa chini peke yao mpaka utosini bila kumwaga nusu. Bombani utasikia "nitwike": mmoja huku, mwingine kule, ndoo inapanda mpaka kifuani, kisha mwenye ndoo anakunja magoti na kuingiza kichwa chini yake, ngata ikiwa imekwisha kukaa. Ngata ikikaa upande, shingo itailipia njia nzima.

Sasa magazeti yanatuandikia kwamba wanafunzi "wamejitwika mabegi mazito migongoni". Nakubali kwamba kamusi zinaruhusu twika kwa bega na hata kwa mgongo wa punda, kwa hiyo sitamkamata mtu. Ila kuna hasara. Wazee walikuwa na neno kwa kila pahala pa mwili. Kubeba lilikuwa hasa la mgongoni, mtoto ndani ya nguo, kabla halijawa neno la kila kitu. Kueleka ni kumfunga mtoto kwa mbeleko, mgongoni au ubavuni juu ya nyonga. Kupakata ni mapajani. Kupagaa ni begani, na humo ametoka mpagazi, na humo pia ametoka aliyepagawa, yaani mtu ambaye pepo amempanda kama mzigo. Miti ya begani yenye mzigo kila ncha ina jina lake, mzegazega. Hamali tulimpokea kutoka Kiarabu. Mchukuzi alikuwa mbeba mizigo zamani kabla kuchukua hakujawa kutwaa tu, na wizara ya uchukuzi bado inalishikilia jina la zamani.

Utajiri huo haukuja kwa kupenda maneno. Kwa mtu anayetembea, mzigo ulipo ni jambo kubwa karibu sawa na mzigo wenyewe. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Soule na Goldman, waliwapima wanaume wakitembea na mizigo kichwani, mikononi na miguuni, wakalinganisha nguvu inayotumika kwa kila kilo na ile ya kilo ya mwili wenyewe. Kilo ya kichwani iligharimu kama mara 1.2. Ya mkononi ilikaribia mara 2 mzigo ulipozidi. Ya mguuni ilikuwa kati ya mara 4 na mara 6, ikipanda kadiri mwendo ulivyoongezeka.

Sababu haihitaji hesabu. Kiwiliwili huenda mbele karibu kwa mwendo ule ule, lakini unyayo husimama kabisa ukikanyaga, kisha hurushwa mbele kwa kasi kuliko mwili, kisha husimamishwa tena, na haya hutokea kwa kila hatua. Ukiweka kilo mguuni umeiweka kwenye kitu kinachoanza na kukoma maelfu ya mara kwa siku. Aliyelima shamba la mfinyanzi kipindi cha mvua, buti zikishika tope, hahitaji kuelezwa.

Kichwa ni kinyume chake. Mtu akitembea, mwili wake hupanda na kushuka sentimita 4 au 5 katika kila hatua: chini kabisa nyayo zote mbili zikiwa ardhini, juu kabisa mguu mmoja ukiwa umesimama wima. Ni kama bembea iliyopinduliwa, mahali pa kufungia kamba pakiwa kisigino. Unapopanda unapoteza mwendo, unaposhuka unaurudisha. Mtembeaji wa kawaida, kwa mwendo wake mzuri, huokoa kwa njia hiyo kama asilimia 65 ya kazi ambayo misuli ingelazimika kuifanya upya. Iliyobaki ndiyo inayomchosha.

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake, akiwamo Norman Heglund, walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaojitwika kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya kichwa kwa mbele. Walipima oksijeni inayotumika. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Kuanzia hapo yalipanda sambamba na mzigo: asilimia 30 ya mzigo, asilimia 10 ya nyongeza. Askari wenye shanta mgongoni, kwa mzigo ule ule wa asilimia 20, walitumia asilimia 13 zaidi, na kwa asilimia 70 walikaribia kutumia mara mbili. Mwaka 1995 Heglund na wenzake wakaonyesha siri ilipo: wakiwa na mzigo, wanawake wale huibembeza ile bembea vizuri zaidi kuliko wakiwa mikono mitupu.

Tuipigie hesabu ndoo yetu. Mwanamke wa kilo 60 mwenye ndoo ya kilo 21 amejitwika asilimia 35 ya uzito wake. Kwa kipimo kile cha 1986, nyongeza ni kama asilimia 15. Ndogo kuliko unavyodhani ukimtazama.

Lakini tusifanye miujiza. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, na hawakuona ile faida ya bure. Kichwani na mgongoni gharama zilikaribiana, huku watu wenyewe wakitofautiana sana, hata wale waliozoea tangu utotoni. Nepal nako, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha wapagazi wanaume wakibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao kwa kamba ya utosini, kwa mwendo wa pole na kupumzika mara nyingi. Na kutumia oksijeni kidogo si kuwa salama. Watafiti waliotazama pingili za shingo za wabeba kuni wa Kongo, matokeo yakatoka mwaka 2002, walikuta zimechakaa mno kuliko za wenzao wasiojitwika. Mapafu hayakulalamika, lakini mfupa umelipa. Kikomo cha mpagazi wa Kilimanjaro ni kilo 20, na mzigo hupimwa getini. Ni kilo zile zile za ndoo, ila yeye ana mlima mbele yake.

Mtazame basi aliyejitwika anavyotembea. Hatua ni fupi, magoti yamelegea kidogo, nyayo zote mbili zinakaa ardhini pamoja kwa muda mrefu zaidi, kiuno ndicho kinachocheza na kichwa kimetulia. Juu ya maji kuna tawi la majani au kibakuli kinachoelea, si pambo: hatua zikiingiana na mdundo wa maji ndani ya ndoo, wimbi hukua mpaka likaruka ukingo, na majani yale hulivunja kabla halijakua. Mwenye begi mgongoni huinama mbele ili uzito urudi juu ya nyayo zake. Mwenye dumu mkono mmoja huinamia upande wa pili, na nyonga ya upande ule wa pili hufanya kazi ya ziada kila anapoikanyagia. Akigawa lita 20 kuwa 10 na 10, mikono yote miwili, atanyooka, ingawa vidole vitachoka kabla ya miguu.

Sasa turudi kwa mtu wa mkufunzi. Kilo 20 zake haziko utosini. Nyingine ziko tumboni, nyingine makalioni, na sehemu nzuri iko mapajani, yaani kwenye kitu kile kile kinachorushwa mbele kila hatua. Mapaja yakijaa hayapishani tena kwa mstari ulionyooka. Mguu hulazimika kuzunguka nje kidogo, na upana wa hatua huongezeka. Watafiti wa Colorado, Browning na Kram, waliukuta umeongezeka kwa takribani asilimia 30 kwa watu wanene sana. Kila hatua pana inaudai mwili uhame upande mmoja kwenda mwingine, kazi ambayo bembea haiirudishi.

Ungedhani basi gharama inapaa. Haipai. Watafiti hao hao walikuta kwamba wanawake wanene, ukigawa kwa kila kilo ya mwili, hutumia takribani asilimia 10 tu zaidi ya wembamba kwa umbali ule ule, na kwamba mwendo wanaouchagua wenyewe haupungui sana kuliko wa wengine, karibu kilomita 5 kwa saa. Jumla inakuwa kubwa, ndiyo, kwa sababu kilo ni nyingi. Lakini kilo hizo zimeingia moja moja kwa miaka, na misuli ya miguu imekua pamoja nazo. Ndoo ilipanda kichwani mara moja, kwa sekunde tatu. Ukimvisha mtu mwembamba fulana ya vyuma ya kilo 20 ili ujue unene ukoje, utakachokijua ni fulana ya vyuma.

Anayelia ni goti. Kutembea tu kunaliminya kwa nguvu kama mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli inayolishika goti lisikunjike nayo hulivuta. Stephen Messier na wenzake wa North Carolina, katika matokeo yao ya mwaka 2005 kuhusu watu wazima wanene wenye baridi yabisi ya goti, waliona kwamba kila kilo iliyopungua mwilini iliambatana na kilo 4 pungufu juu ya goti kwa kila hatua. Goti moja likikanyagiwa kama mara 700 kwa kilomita, kilo moja ya mwili ni karibu tani 2.8 zilizoondoka katika kilomita hiyo, zikijumlishwa hatua kwa hatua. Mkufunzi angekuwa na hesabu ya kweli ya kumpa mtu wake, tena ya kutia moyo, lakini yeye amekwisha kimbilia ndoo.

Kwa hiyo mfano si lazima autupe. Autengeneze tu. Achukue zile kilo 20, kadhaa azifunge kila paja, nyingine tumboni kwa mbele, kilo kidogo kidogo kwenye mikono, na mafundo asiyafungue mpaka mwakani, halafu ndipo amwambie mtu atembee. Hiyo haiitwi kujitwika. Ni kunenepa, au kuwanda kama unapenda neno la zamani. Na mtoto wa shule anabeba begi. Kujitwika tumwachie yule wa bombani, ambaye akifika mlangoni ataita kwa sauti ya mtu asiyeweza kugeuza shingo: "Nitueni!"