Hatari ya saikosisi kwa wahamiaji: si safari inayotia wazimu

Mtu akirudi kutoka Saudia au Uingereza akili haijatulia, kuanzia mabaraza ya Majengo hadi Likoni, hapa Mombasa, jibu liko tayari: "Utafiti umesema ughaibuni kunatia wazimu." Utafiti haujasema hivyo, na maneno haya yanawaumiza watu.

Saikosisi ni akili kuachana na uhalisia: mtu anasikia sauti wasizozisikia wengine, au anashikilia kwamba majirani wanampangia njama na hakuna hoja ya kumtoa hapo.

Kinachoharibiwa zaidi ni neno hatari. Hatari ni hesabu ya kundi, haimhukumu mtu mmoja. Skizofrenia, aina moja ya saikosisi, humpata takriban mtu 1 kati ya 100 maishani. Mwaka 2005 watafiti Cantor-Graae na Selten walijumlisha tafiti nyingi, hasa za Ulaya, wakakuta hatari ya wahamiaji ni mara 2.7 ya wenyeji. Piga hesabu: karibu wahamiaji 97 kati ya 100 hawaupati ugonjwa huo kabisa.

Wapo wanaosema, "Huyo aliondoka na ugonjwa wake hapa hapa." Ødegaard, daktari wa akili wa Norwe, naye alidhani hivyo mwaka 1932, alipowachunguza Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani. Lakini katika hesabu ile ya 2005, watoto wa wahamiaji, waliozaliwa huko huko na hawakuhama popote, hatari yao ilifika mara 4.5. Tena wenye asili ya Karibiani waishio Uingereza wanaugua zaidi sana kuliko ndugu zao waliobaki visiwani. Basi si ndege, na damu peke yake haitoshi kueleza. Macho yanageukia maisha ya kule: kubaguliwa, kutengwa, kukosa mtu wa kwenu wa kumwamkia asubuhi. Mjini The Hague, Uholanzi, wahamiaji walioishi mitaa yenye wenzao wengi walikuwa na hatari ndogo kuliko waliotawanyika peke yao.

Kwa hivyo binti akirudi kutoka Ghuba akawa anajibizana na sauti, msiseme nchi ya watu imemtia wazimu, mkamfungia chumbani mkingoja zimtoke. Muulizeni taratibu aliishi na nani, na kama alikuwa na wa kuzungumza naye. Kisha mpelekeni hospitali mapema, wiki hiyo hiyo. Hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ina kitengo cha afya ya akili.