Kidonda cha bega kimefunga, kano bado

Mtu akishonwa kano ya bega iliyochanika (kano ni kamba ngumu inayoufunga msuli mfupani) kwa matundu, yaani kwa kupitia vitundu vidogo badala ya kupasuliwa wazi, vidonda vya ngozi hufunga kwa wiki 2 hivi. Sisi wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, hapo ndipo kazi inapotuwia ngumu. Mvuvi wa Nungwi anaona vikovu vidogo tu, maumivu yamepungua, anataka kurudi kuvuta nyavu. Kumbe kano iliyofungwa mfupani kwa nyuzi huhitaji kama wiki 12 ishikamane nao, na hata hapo haijakomaa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliwalinganisha waliopasuliwa wazi na waliofanyiwa kwa matundu. Baada ya miaka 2 mabega yao yalikuwa na hali moja. Tundu dogo haliiharakishi kano.

Kwa hiyo wiki 4 hadi 6 za mwanzo mkono hukaa umening'inizwa, hata usingizini. Vidole na kiwiko vichezeshwe kila siku, lakini bega linyanyuliwe na mtu mwingine. Usiku ndio mzito: lala umeegemea mito, nusu umekaa. Kanzu iache kwanza, vaa shati la vifungo, ukianza na mkono mgonjwa. Kuhusu sala naulizwa sana. Kwenye takbira usiunyanyue mkono huo, wala usisujudu kwa kuuegemea. Sali kwenye kiti, mgonjwa ana ruhusa. Na nakusihini, asije mtu akalikanda bega na kulivuta, hata awe bibi anayesifiwa mtaa mzima.

Baada ya wiki 6 mgonjwa hunyanyua mwenyewe. Mazoezi ya nguvu huanza miezi 3 hivi baada ya upasuaji. Mchumaji karafuu wa Pemba, ambaye mikono yake hushinda juu ya kichwa, namwambia miezi 6, pengine zaidi.

Wengi hupata nafuu kubwa, hasa ya maumivu ya usiku, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka. Kano huweza kuchanika tena, zaidi kwa wazee, wavuta sigara na wenye mchaniko mkubwa. Hata hivyo wengi wa hao huumwa kidogo kuliko zamani, ndiyo maana kabla ya kutazama picha ya bega mimi humuuliza mgonjwa: unalala? Mwenye kisukari bega lake hukakamaa kwa urahisi, basi sukari itulizwe kabla ya upasuaji.

Ukipata homa, usaha, au mkono uliokuwa ukinyanyuka ukashindwa ghafla, usingoje miadi. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.