Maji ya Mto Zigi yanapimwa nini? Maswali yenu na majibu

Swali: Hawa watu wanaokuja mtoni na vichupa na boksi la barafu wanatafuta nini hasa?

Jibu: Wanapima ubora wa maji. Zigi inaanzia huko Amani, inapita mashambani na vijijini mpaka bwawa la Mabayani, na huko ndo sie wa Tanga mjini tunakopata maji ya bomba, kwahiyo kinachoingia juu kinatuhusu wote. Joto, pH (yaani kama maji yana uchachu ama la), tope na oksijeni wanapima palepale. Ya bakteria ndo yanaenda maabara, na hapo utaona mtu anaingia mtoni anageukia maji yanakotokea, chupa anaizamisha chini kidogo, mdomo wa chupa hagusi hata kwa kidole, maana vimelea vya mkononi kwake vitahesabiwa ni vya mto. Barafu ni ili visizaliane njiani.

Swali: Mbona wanachota juu ya kijiji na chini yake?

Jibu: Wajue uchafu umeingilia wapi, vyooni, kwenye mifugo ama kwengine.

Swali: Maji yetu meupe, mchanga wa chini unauona. Nayo yapimwe?

Jibu: Tena hayo ndo yanaponza watu! Wanatafuta E. coli, bakteria wa kinyesi, haonekani kwa macho. Wanachuja mililita 100, kile kichujio kinalazwa kwenye joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake halafu wanahesabu vidoti vilivyoota. Maji ya kunywa yanatakiwa 0, kimoja tu kishasema kinyesi kimefika.

Swali: Majibu yakiwa mazuri watoto waogelee?

Jibu: Ngoja kwanza. Kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu kichocho. Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani pembeni pale maji yanapotulia, vijidudu vinapenya ngozi hata kama hujanywa tone, na mchana jua kali ndo vinatoka kwa wingi. Mtoto akikojoa damu mpelekeni hospitali, msiambiane eti anabalehe.

Swali: Mvua zikinyesha maji yanakuwa tope tupu, niweke dawa tu?

Jibu: Hapana, tope linaimaliza nguvu klorini, ndo hiyo dawa yenyewe ya kuua vijidudu. Yaache yatuame au tia shabu, chuja kwa kitambaa safi, ndo uweke dawa usubiri nusu saa. Au chemsha mpaka yatokote kwelikweli, dakika moja inatosha, mkaa wenyewe bei. Ila dawa za shambani na zebaki haziondoki kwa kuchemsha, hizo ukizihofia tafuta maji kwengine mpaka maabara waseme.