Bima ya nyumba: kiwanja hakiungui

Anayekuja kukata bima ya nyumba huanza kwa kuuliza, "Kwa mwaka ni shilingi ngapi?" Ni haki yake kuuliza, ila kuna swali la kutangulia: nyumba hii ikiteketea yote leo, kuijenga tena kutagharimu kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami huniuma kwa sababu kosa hugundulika siku ya hasara. Wapo wanaoandikisha bei ya kuuzia, pamoja na thamani ya kiwanja. Moto hauli kiwanja, kwa hiyo wanalipia bure. Wapo pia, na ndio wengi, wanaopunguza kiasi cha bima ili ada ishuke. Tuseme kuijenga upya ni milioni 100, wewe ukaandikisha milioni 60. Jiko likashika moto, hasara ikawa milioni 20. Utasema zote 20 zimo ndani ya 60. Lakini mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: umekatia asilimia 60 ya thamani, utalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12. Nane utazitafuta mwenyewe, na juu yake kuna kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unakuachia ubebe katika kila dai. Mkadiriaji majenzi anaweza kukupa hesabu ya kweli ya ujenzi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na pengo hilo.

Ada hupatikana kwa kuzidisha kiasi cha bima kwa asilimia fulani, na asilimia hiyo hufuata hatari. Paa la makuti hulipiwa zaidi ya bati au vigae. Nyumba iliyo pembezoni mwa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako maji ya masika yanajulikana, haiwezi kulingana na iliyo kwenye mwinuko. Fremu ya mbele ikipangishwa kwa fundi wa kuchomelea au muuza mitungi ya gesi, hatari imebadilika. Mlinzi na vizima moto husaidia. Madai ya miaka iliyopita huongeza. Usifiche lolote kati ya hayo, maana jambo lililofichwa ndilo huja kuvuruga fidia.

Moto na radi kwa kawaida vimo. Mafuriko na tetemeko viulizie kwa jina; walioona Bukoba baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 wanajua kwa nini nasisitiza. Mchwa na uchakavu havilipwi. Nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30, kinga inaweza kupungua.

Jambo jingine linalowachanganya watu: bima ambayo benki inakudai kwa ajili ya mkopo kwa kawaida hulinda jengo tu. Friji, kochi na runinga vina bima yake, na hata mpangaji anaweza kuikata.

Hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na tunza risiti. Mkishindwa kuelewana kuhusu fidia, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na ukiongeza chumba au kubadili paa, mpigie wakala wako kabla fundi hajakusanya vifaa vyake.